Kupunguza Hatari ya Saratani: Mwongozo Kamili wa Kuanza na Yaliyo Mazito

Taja saratani mbele ya watu watano, na haitachukua muda utasikia habari za simu, maikrowevu, chupa za plastiki na manukato ya kwapani. Mara nyingi anayelalamikia simu kwa uchungu kuliko wote ndiye mwenye pakiti ya sigara mfukoni. Hofu tunayo ya kutosha. Tatizo ni kwamba tunaielekeza kwenye vitu vidogo, huku vikubwa tumevizoea hadi hatuvioni tena.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa uzito. Hatua za mwanzo ndizo zinazookoa watu wengi zaidi, na ukichoka katikati, afadhali uwe umezimaliza hizo.

Mwaka 2022 watu takriban milioni 20 waligunduliwa na saratani duniani, na milioni 9.7 walifariki kwa ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa kwa yale ambayo tayari tunayajua. Nyingine zinatokana na umri, makosa ambayo seli huyafanya zenyewe zinapojigawa, na vinasaba vya kurithi ambavyo huchangia asilimia 5 hadi 10 hivi. Ndiyo maana yupo mtu ambaye hakuwahi kuvuta wala kunywa na bado akaugua, na yupo mvutaji aliyefika miaka tisini. Tunazungumzia kupunguza hatari, hakuna anayeweza kuifuta. Na mgonjwa asihojiwe kama mshtakiwa.

Hatua ya 1: Jifunze kupima habari ya "inasababisha saratani"

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, huvipanga vitu katika makundi. Kundi la 1 ni vile ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu umejitosheleza. Kundi la 2A ni vile ambavyo yaelekea vinasababisha, 2B ni vile ambavyo huenda vinasababisha, na la 3 ni vile ambavyo ushahidi uliopo hauruhusu kuamua. Wengi wanapotea hapa: makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukali wa madhara. Nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni ziliingizwa Kundi la 1 mwaka 2015, kundi lilelile la sigara, na watu wakaanza kusema soseji ni sawa na sigara. Si sawa hata kidogo.

Tazama hesabu. Kula gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuseme katika watu 100 wasioila, watano wangeupata ugonjwa huo maishani mwao. Wakiila wote kila siku, watakuwa kama sita. Mvutaji wa sigara, kwa upande wake, ana uwezekano mara 15 hadi 30 zaidi wa kupata saratani ya mapafu kuliko asiyevuta. Vyote viwili ni Kundi la 1.

Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari cha kutisha, uliza: ni kiasi gani, kwa muda gani, na kinakutana na kitu gani kingine? Swali la mwisho husahaulika, nalo ni zito. Moshi wa sigara ukikutana na vumbi la asbestosi (nyuzi za madini zilizotiwa kwenye mabati ya saruji) kwenye mapafu yaleyale, hatari hupanda kuliko ukizijumlisha hizo mbili. Pombe na tumbaku hufanya hivyo mdomoni na kooni. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na virusi vya homa ya ini aina ya B hufanya hivyo kwenye ini.

Chukua karatasi sasa. Andika kila unachokutana nacho: unachovuta wewe au anachovuta wa karibu yako, unachokunywa, nishati unayopikia, kazi unayofanya na kemikali zake, paa na kuta za nyumba, chanjo ulizopata na ambazo hukupata, waliougua saratani katika ukoo na umri waliougua. Mbele ya kila kimoja weka miaka uliyokaa nacho. Karatasi hiyo utaitumia mpaka hatua ya mwisho, na daktari wako ataifurahia kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Tumbaku, na usiiruke hata kama huvuti

Mwaka 1950 watafiti wawili Waingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza matokeo ya kuwahoji wagonjwa wa hospitali za London. Saratani ya mapafu ilikuwa ikipanda kwa kasi na hakuna aliyejua sababu. Doll mwenyewe alidhani lawama ingeangukia lami ya barabara au moshi wa magari. Majibu yalipoonyesha sigara, aliacha kuvuta. Baadaye wakawafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miongo mitano, na mwaka 2004 hesabu ikatoka hivi: aliyeacha akiwa na miaka 30 alirudishiwa karibu miaka yote 10 ya maisha ambayo sigara ingemnyang'anya, aliyeacha na 40 alipata 9, na 50 alipata 6, na hata wa miaka 60 alipata 3. Anayekwambia "nimeshachelewa" mwonyeshe namba hiyo ya mwisho.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Hauishii mapafuni. Unaingia kwenye damu, unachujwa na figo, unakaa kwenye kibofu cha mkojo. Ndiyo sababu mvutaji hupata pia saratani ya kibofu, kongosho, umio, zoloto na shingo ya kizazi. Sigara zinazouzwa kwa sifa ya "nyepesi" hazisaidii, kwa kuwa mtu huvuta kwa nguvu zaidi kufidia. Ugoro, tumbaku ya kutafuna na tambuu yenye popoo hupeleka sumu moja kwa moja mdomoni, na popoo peke yake, bila tumbaku, imo Kundi la 1. Shisha ni tumbaku, maji yaliyomo hayaisafishi.

Kuacha hufanywa hivi. Panga siku ndani ya wiki mbili zijazo na umwambie mtu mmoja utakayemwonea aibu ukirudi nyuma. Kabla ya siku hiyo, andika kila sigara unayovuta na kilichoitangulia: chai, simu ya bosi, kumaliza kula, kusubiri gari. Utagundua nyingi unazivuta bila hata kuzitamani, na chache ndizo zenye nguvu. Hizo chache ndizo utakazoziandalia kitu mbadala, kwa mfano kusimama mara tu unapomaliza kula na kutembea dakika tano. Usiku wa kuamkia siku yenyewe toa vyombo vya majivu, viberiti na pakiti zote, pamoja na ile "ya dharura".

Dawa zinasaidia kweli, na kuzikataa kwa kutegemea utashi peke yake ni kujinyima nafasi. Plasta ya nikotini hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku huhamishiwa mahali pengine. Jojo ya nikotini ina namna yake ya kutafunwa, na wanaolalamika kwamba haifanyi kazi mara nyingi wanaitafuna kama jojo ya kawaida. Itafune polepole hadi uhisi mwasho mdomoni, kisha iache itulie kati ya shavu na fizi. Mwasho ukiisha, tafuna tena kidogo, iache tena. Endelea hivyo kwa nusu saa. Kahawa au soda robo saa kabla yake huizuia kufyonzwa. Kama sigara yako ya kwanza huivuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, anza na ya miligramu 4. Vinginevyo ya 2 inatosha. Daktari anaweza pia kukuandikia vareniklini, vidonge vya kupunguza hamu ya sigara, ambayo huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha. Hamu kali hudumu dakika chache tu, na wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote.

Je, kupunguza badala ya kuacha? Kunasaidia kidogo sana. Katika saratani ya mapafu idadi ya miaka ya kuvuta ina uzito kuliko idadi ya sigara kwa siku. Ukirudi nyuma siku moja, hesabu siku hiyo tu na uendelee. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea.

Wewe usiyevuta: moshi wa mwenzako nao umo Kundi la 1, na kufungua dirisha hakuuondoi. Kanuni inayofanya kazi ni moja, asivute mtu ndani ya nyumba wala ndani ya gari, hata mgeni wa heshima.

Hatua ya 3: Maambukizi

Hili ndilo eneo ambalo watu wengi hawalihusishi kabisa na saratani, wakati takriban asilimia 13 ya saratani zote duniani hutokana na maambukizi. Uzuri wake ni kwamba mengi yana chanjo au tiba.

Anza na homa ya ini aina ya B. Mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Kadiri inavyochelewa ndivyo nafasi ya kumkinga dhidi ya virusi vya mama inavyopungua, na mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ndiye anayebaki na virusi maisha yake yote. Mtu mzima apime damu kwanza. Ukikutwa huna virusi wala kinga, chanja. Ukikutwa navyo, usipokee maneno ya "wewe ni mbebaji tu, nenda nyumbani". Dai kufuatiliwa ini lako, na uulize kama umefikia hatua ya dawa. Aina ya C haina chanjo, lakini vidonge vya miezi michache huiponya kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa hiyo kupima kuna faida ya moja kwa moja.

Kisha virusi vya papiloma, HPV. Aina mbili, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi. Harald zur Hausen alitunukiwa Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Chanjo hutolewa vizuri zaidi kati ya miaka 9 na 14, kabla ya kuanza kujamiiana, na tangu Desemba 2022 WHO inakubali hata ratiba ya dozi moja kwa umri huo. Uvumi kwamba inaharibu uzazi hauna msingi. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe na upasuaji wake. Mwanamke aliyekwisha kupita umri huo apime: WHO inapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na 25 na arudie kila miaka 3 hadi 5, kwa sababu hatari yake ni mara sita ya wengine. Kipimo kikionyesha mabadiliko ya awali, hutibiwa papo hapo au kwa ziara moja mbili, kabla hayajawa saratani. Sijui kinga nyingine ya saratani iliyo na malipo makubwa kiasi hicho kwa usumbufu mdogo namna hiyo.

Bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, hula ukuta wa tumbo polepole hadi kuandaa njia ya saratani. Barry Marshall wa Australia aliwanywa makusudi mwaka 1984 kuthibitisha kwamba wanaleta ugonjwa, akaugua tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapata Nobel. Wewe huna haja ya kufika huko: mwenye vidonda vya tumbo visivyoisha apimwe bakteria hao, amalize dawa zote, kisha apimwe tena kuhakikisha wameondoka. Kichocho cha mkojo, nacho, kikiachwa miaka mingi huleta saratani ya kibofu. Mkojo wenye damu usizoeleke.

Hatua ya 4: Pombe

Hapa sina mengi ya kuzunguka. Pombe imo Kundi la 1 tangu 1988. Mwili huivunja kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, na hiyo ndiyo inayoharibu vinasaba vya seli. Inahusishwa na saratani za mdomo, koromeo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na titi. Bia, mvinyo na pombe kali zote zina kilevi kilekile, kwa hiyo kubadili aina hakubadilishi kitu. Mwaka 2023 WHO ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango ambacho ni salama kabisa kwa afya. Kwa wanawake hatari ya saratani ya titi huanza kupanda hata kwa glasi moja kwa siku.

Kama hunywi, usianze kwa ajili ya "moyo". Kama unanywa, weka siku za wiki ambazo pombe haiingii kinywani kabisa, kisha ziongeze, na usinywe ukivuta. Anayetetemeka mikono asubuhi akikosa pombe asiache ghafla peke yake. Kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuua, na anahitaji daktari.

Hatua ya 5: Hewa unayovuta

Uchafuzi wa hewa ya nje uliingizwa Kundi la 1 mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya moshi wa dizeli. Mbaya zaidi ni zile chembe ndogo za chini ya mikroni 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. WHO inataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, kiwango ambacho sehemu kubwa ya dunia haijakifikia. Mtu mmoja hawezi kuusafisha mji. Unachoweza ni kuchagua njia ya kutembea iliyo mbali na barabara kuu, kuzima injini ukiegesha, kutochoma taka (plastiki hasa), na kupiga kelele pale sera zinapojadiliwa.

Jikoni, kwa upande mwingine, una mamlaka. Watu takriban bilioni 2.1 bado wanapikia nishati zenye moshi. Moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba umo Kundi la 1, wa kuni umo 2A. Gesi au umeme ndiyo suluhisho la kweli. Kama bado haliwezekani, pika nje au chini ya upenu, tumia kuni zilizokauka, loweka nafaka ngumu ili zipikike haraka, funika sufuria, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kukoleza moto, kwa sababu dakika hizo za kuwasha ndizo zenye moshi mzito kuliko zote.

Kuna na radoni, gesi ya asili inayotoka ardhini isiyo na rangi wala harufu. Ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na hujikusanya katika vyumba vya chini vilivyofungwa. Hujulikana kwa kipimo tu: kifaa kidogo huachwa chumbani kwa miezi kadhaa kisha husomwa maabara. WHO inapendekeza isizidi bekereli 100 (kizio cha kupimia mnururisho) kwa mita ya ujazo. Ikizidi, nyufa za sakafu huzibwa na hewa ya chini ya sakafu hutolewa kwa feni na bomba.

Hatua ya 6: Kazi yako na paa lako

Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wasafisha mabomba ya moshi walikuwa wakiugua saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Tangu siku hiyo orodha ya kazi imerefuka: mafundi rangi, wachomeleaji, wazimamoto, mafundi seremala kwa vumbi la mbao, wachimbaji na wachonga mawe kwa vumbi la silika, wanaoshika petroli kila siku kwa benzini iliyomo.

Soma lebo ya kila kemikali unayoitumia. Uliza mwajiri karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo. Kinga ya kwanza ni kubadili kitu chenyewe, ya pili ni kukifungia au kukinyonya kwa feni, na barakoa ni ya mwisho. Mwajiri anayeanza na barakoa amepanga kinyume. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kemikali wala vumbi laini. Nguo za kazi zifuliwe peke yake na zisiingie chumbani, maana kuna wake na watoto waliougua kutokana na vumbi lililoletwa na nguo za baba.

Asbestosi inahitaji maelezo yake. Ilitumika sana kwenye mabati ya saruji ya mawimbimawimbi, mabomba, dari na vifunika joto. Aina zake zote husababisha saratani, nazo hujitokeza miaka 20 hadi 40 au zaidi baada ya kuvuta vumbi. Kwa macho huwezi kuitambua kwa hakika, kwa hiyo bati kuukuu la saruji lichukulie kuwa nayo hadi maabara ikanushe. Likiwa zima, liache. Hatari inaanza linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa kwa brashi ya waya au kuvunjwavunjwa. Likilazimu kuondolewa, tafuta wenye kibali cha kazi hiyo. Wakati wa kazi bati hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, hufunguliwa skrubu bila kuvunjwa, huteremshwa kwa mkono badala ya kutupwa, hufungwa tabaka mbili za plastiki nzito na kuandikwa. Watoto wasiwepo. Mabaki hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ambacho nacho hutupwa. Ufagio mkavu hurusha nyuzi hewani, na mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi huzisambaza zaidi. Vipande vya bati hilo visijazwe kwenye mashimo ya njia wala kufanywa kizimba cha kuku.

Hatua ya 7: Chakula, uzito na mwendo

Kabla ya kufikiria vyakula "vinavyotibu", fikiria ghala. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu wa Aspergillus kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa na unyevu, na ni sababu kubwa ya saratani ya ini. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake yaweza kuwa hadi mara 30. Kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Hifadhi mahindi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, magunia yakae juu ya mbao mbali na ukuta. Unapochambua, toa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au kutobolewa na wadudu, maana sumu nyingi hukusanyika katika hizo chache. Ulizotoa usimpe ng'ombe, kwani sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa.

Yanayofuata ni mafupi. Nyama ya kusindikwa iwe ya nadra, nyama nyekundu isizidi nusu kilo iliyopikwa kwa wiki. Sehemu iliyoungua ya nyama ya kuchoma ikatwe. Matunda na mboga zifike gramu 400 kwa siku, na nafaka isiyokobolewa na kunde zipate nafasi, kwa sababu nyuzinyuzi hulinda utumbo mpana. Chai na uji wa moto unaozidi nyuzi 65 huunguza umio. Subiri dakika chache.

Unene uliopitiliza unahusishwa na aina 13 za saratani, zikiwemo za titi baada ya kukoma hedhi, mji wa mimba, figo na utumbo mpana. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, hupandisha insulini na huweka mwili katika hali ya mchochota (mwasho wa ndani) usioonekana. Usikimbilie kupunguza kilo ishirini. Simamisha kwanza ongezeko, na anza na vinywaji vyenye sukari. Mwendo wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, wa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba, una faida hata kama mizani haisogei. Kunyonyesha humlinda mama na saratani ya titi, na kinga huongezeka kadiri miezi inavyoongezeka.

Vidonge vya virutubisho usivitegemee. Utafiti mkubwa uliofanywa Ufini na kutangazwa mwaka 1994 uliwapa wavutaji vidonge vya beta-karotini kwa matumaini ya kuwakinga. Waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa.

Hatua ya 8: Jua na ngozi

Uzito wa hatua hii unategemea ngozi yako. Kwa mwenye ualbino au ngozi nyeupe, ipandishe hadi juu kabisa: kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, kivuli saa za katikati ya mchana, mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi yanayorudiwa kila saa mbili, na ngozi kukaguliwa na mtaalamu mara kwa mara. Kiashiria cha mionzi ya UV kikifika 3, kinga huanza. Mwenye ngozi nyeusi ana ulinzi mkubwa wa asili, lakini atazame nyayo, viganja na chini ya kucha, ambako melanoma, saratani kali ya ngozi, hupenda kutokea kwake, na asipuuze kidonda au kovu la moto lililokaa miaka bila kupona. Huko nako saratani huzaliwa.

Hatua ya 9: Punguza hofu zisizo na uzito

Simu imo 2B tangu 2011, na hadi sasa tafiti kubwa hazijaonyesha ongezeko la uvimbe wa ubongo linalolingana na jinsi simu zilivyoenea. Maikrowevu hupasha chakula joto, hakibaki na mionzi. Manukato ya kwapani hayajaonyeshwa kuleta saratani ya titi. Kitamutamu cha aspatemu kiliwekwa 2B mwaka 2023, na kikomo kilibaki miligramu 40 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 ya soda kukipita. Sukari hailishi saratani peke yake, kwa kuwa kila seli hula sukari. Ukiwa na nguvu ya kubadili kitu kimoja tu mwaka huu, hakuna hata kimoja katika aya hii kinachostahili kuwa hicho.

Hatua ya 10: Vipimo na dalili

Rudi kwenye karatasi yako. Shingo ya kizazi tumeshaitaja. Picha ya matiti hupendekezwa sana kati ya miaka 50 na 69, kila miaka miwili. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, au kamera ya utumbo mpana, huanza miaka 45 au 50 kulingana na nchi, na kamera ina faida ya kuondoa vinyama vinavyoota utumboni kabla havijageuka saratani. Mvutaji wa miaka mingi aliyepita 50 aulize kuhusu picha ya CT ya mapafu ya mionzi midogo. Kipimo cha damu cha PSA cha tezi dume kina faida na kasoro zake. Jadili kwanza, pima baadaye. Kama ndugu wa karibu kadhaa waliugua, hasa kabla ya miaka 50, uliza ushauri kuhusu vinasaba vya kurithi kama BRCA1 na BRCA2, vinavyohusiana na saratani ya titi na ovari, kwani ratiba yako huenda ikaanza mapema.

Vifurushi vya "kupima saratani zote kwa tone la damu" kwa mtu asiye na dalili viache. Vipimo vya damu kama CEA na CA-125 vilitengenezwa kwa kazi nyingine, hupanda kwa sababu zisizo saratani, na vinaweza kukupeleka kwenye upasuaji usiouhitaji.

Dalili hazisubiri ratiba. Uvimbe mpya titini, shingoni au kwapani. Damu kwenye mkojo, choo au makohozi. Damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi. Chakula kukwama kikimezwa. Sauti kukwaruza, kikohozi au kidonda cha mdomo kisichoisha kwa wiki tatu. Kukonda bila kukusudia. Kipimo safi cha mwaka jana hakifuti dalili ya leo. Ukifika kwa daktari, taja dalili, ilianza lini na imebadilikaje, kisha mpe ile karatasi. Ukipewa antibiotiki kwa uvimbe nao usipungue baada ya wiki mbili, rudi na uombe kipimo cha kinyama (biopsi). Kikichukuliwa, uliza kimepelekwa maabara gani na majibu yatatoka tarehe ngapi, andika, na siku hiyo ikifika yafuate mwenyewe.